Fundi Aliyeitwa Nailoni

Fundi makochi alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja na hajawahi kulala na mwanamke. Halikuwa jambo la kutangaza. Alimwambia mtu mmoja tu, mchumba wake msusi, jioni moja wakiwa wamekaa juu ya kochi ambalo bado halijavalishwa kitambaa.

"Tunaoana, tusifichane," alisema. "Na wewe je?"

Msusi alimtazama machoni. "Mimi pia, mpenzi. Sijamjua mwanamume."

Dereva anayemletea fundi sponji alishamsimulia zamani, bila ubaya, kwamba aliwahi kuishi na huyo msusi mwaka mzima. Hilo fundi hakulijali; yaliyopita si ndwele. Alichotaka ni kulisikia kinywani mwa mwenyewe. Akajipa moyo: atasema tu, ni aibu imemshika.

Wiki haikuisha, mteja mmoja akaingia karakana, akapapasa kochi jipya lililofungwa nailoni, akacheka mpaka akapaliwa.

"Kumbe mnafanana! Shemeji anasema kule saluni kwamba na wewe hujafunguliwa."

Mtaa mzima ukamwita Nailoni. Wenye maduka, mafundi wenzake. Hata mama mmoja mwenye heshima zake alimshauri akapimwe, maana mwanamume wa umri ule asiyejua mwanamke hakosi kasoro. Fundi alicheka nao. Moyoni hakucheka. Siri aliyoitoa kama mtu atoavyo moyo wake, mwenzake kaifanya kichekesho cha kuwaondolea wateja uchovu wakisukwa.

Hakugomba. Alimeza, akangoja siku ya familia mbili kukutana kupanga tarehe ya harusi.

Siku ikafika, sebule ya wakwe ikajaa. Shangazi wa msusi, kwa furaha zake, akaropoka: "Mwanetu hajaguswa! Mwenye shaka angoje shuka asubuhi ya harusi, litasema lenyewe."

Fundi akainuka.

"Shangazi, nisamehe. Shuka halisemi kitu. Wapo wasioguswa wasitoe hata tone la damu, na wapo waliokwisha kuguswa wakatoa. Mimi nataka neno." Akamgeukia mchumba wake. "Mimi ndiye Nailoni. Mnajua nyote, kwa sababu nilimwambia mtu mmoja. Siku ile na mimi nilikuuliza swali. Lijibu tena, mbele ya baba."

"Usinifanyie hivi," msusi akanong'ona.

"Nimekufanyia nini? Nimeuliza tu. Dereva wa sponji namfahamu tangu sijakuposa."

Uso ukamsawijika binti wa watu.

"Dereva gani?" baba yake akauliza. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na hapo binti akayasema yote huku analia: chumba walichopanga, na mwaka mzima wa kudanganya nyumbani kwamba anakaa kwa rafiki yake. Shangazi aliangalia sakafu.

"Ahsante," fundi akasema. "Ningekuoa na hayo yote. Niliyajua nikakuposa. Ungeniambia hivyo hivyo tulipokuwa wawili, leo tungekuwa tunachagua tarehe."

Akamfanyia mjomba wake ishara, wakatoka.

"Ungeweza kumwacha kimya kimya," mjomba alimwambia barabarani.

"Kwani yeye alinicheka kimya kimya?"

Kisasi kilikuwa kitamu, mtu asidanganye. Siku kadhaa alipiga misumari huku akipiga mluzi, na mtaani hakuna aliyethubutu kumtania.

Kisha mama yake msusi akaja karakana, akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu alikukosea, sikatai. Alikucheka, akakudanganya, umemlipa. Lakini baba yake hasemi naye mpaka leo, na mimi ndiye ninayepakua chakula katikati ya watu wawili wasiosemezana. Mimi nilikukosea nini?"

Fundi aliweka nyundo chini. Akamvutia kiti.

Mama hakukaa.