Keki ya Ndizi za Siku Tatu

Jumamosi, siku moja kabla mjukuu wangu Winfrida hajapata kipaimara, niliamka nikiwa na unga, mayai, siagi na maziwa, ila sukari sina. Kilo niliyonunua nilikuwa nimempa jirani yangu Bernadetha kwa chai ya msiba wa kaka yake. Sijutii. Chai ya msiba isiyo na sukari ni kumfanya mtu afiwe mara mbili. Lakini maduka yetu yote hapa Marangu yalikuwa yameishiwa, na Winfrida alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, keki. Mama yake yuko kazini Dar, hakupata ruhusa. Gauni lilikuwa la kuazima. Angalau keki iwe yake.

Nikampigia simu Taramati, mwenye duka la vitambaa Moshi mjini. Zamani nilikuwa nikifanya kazi nyumbani kwake, na ndiye aliyenifundisha kuoka. Siku niliyounguza keki ya mumewe, alimwambia ameiunguza yeye mwenyewe.

"Nina kitu kitamu, lakini ni cha majimaji," nikamwambia.

"Basi maziwa usiweke. Na moto uwe mdogo, la sivyo itaungua juu kabla ndani haijaiva. Ni asali?"

"Ni kitu cha hapa nyumbani," nikasema, nikawasalimia wajukuu zake, nikakata simu.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye pipa la mume wangu, Eliezeri. Alichemsha ndizi mbivu Jumatano, na sasa zilikuwa zinasubiri kuchanganywa na ulezi ziwe mbege. Nikachota jagi moja, nikachuja.

"Mama Jesse, hiyo ni pombe," akasema Eliezeri.

"Haijatiwa ulezi. Bado ni ndizi."

"Ndizi gani inapumua?"

Kweli ilikuwa inatoa mapovu. Nikamwambia hata yeye anapumua na hakuna aliyemwita pombe.

Nikaoka kwenye sufuria, makaa chini na machache juu ya kifuniko. Haikupita nusu saa, keki ikaanza kukiinua kifuniko na makaa yake, kama mzee anayevua kofia kusalimia. Ilitoka ya kahawia, laini, na nyumba nzima ikanuka kilabu cha pombe.

Jumapili wakaja wageni, wa kwanza kuketi akiwa Godlove, mzee wa kanisa. Mwezi uliopita tu alisimama mbele ya usharika akasema nyumba yenye mbege hataikanyaga. Pipa tulikuwa tumelificha kwa ng'ombe.

Kwetu mgeni mkubwa ndiye anayeonja kwanza. Akiweka sahani chini, wote wanaweka. Winfrida akampelekea kipande kwa mikono miwili, akabaki amesimama pale pale akimtazama mdomo.

Godlove akatafuna. Akaacha kutafuna. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Mama yake alikuwa mpika mbege hodari kuliko wote huku kwetu, na Godlove alisomeshwa na pipa lake. Ulimi wake haukuhitaji kuambiwa kitu.

"Mama Jesse," akasema polepole, "hii ni sukari gani?"

"Ndizi, baba."

"Za siku ngapi?"

Ningeweza kudanganya, lakini mtoto alikuwa ametoka kupata kipaimara saa mbili zilizopita, nikaona uongo usubiri kipaimara kipoe kwanza.

"Tatu," nikasema.

Eliezeri akageuka kuangalia zizi, jambo ambalo halikutusaidia. Godlove akamtazama Winfrida na gauni lake la kuazima lililobanwa kwa pini kiunoni.

"Siku tatu bado ni tunda," akasema. "Niongezee, mwanangu."

Sijawahi kuona mtoto akikata keki kwa mbio namna ile. Wageni wote wakala, Godlove akala vipande vinne, na alipoaga alimshika Winfrida kichwani akamwambia hajaonja keki kama hiyo tangu mama yake afariki. Mama yake hakuwahi kuoka keki hata moja.

Jumanne akapita nyumbani na kilo mbili za sukari.

"Za keki ijayo," akasema, bila kunitazama usoni.

Alifika getini, akarudi.

"Mke wangu anaomba umwandikie vipimo vya ile ya ndizi."

Nikatafuta kalamu, nikavaa miwani.

"Ila kwetu," akasema, "andika siku nne."