Hewa Inayovujia Machoni

Ilipofika saa tano asubuhi bati lilikuwa limeshashika moto, na Sostenes alikuwa amegeuka kitandani mara tisa. Mariana alizihesabu akiwa uani, anafua nepi za mtoto. Hakuhitaji kuingia ndani. Kupitia dirishani aliisikia mashine ikipumua taratibu, halafu fyuuu, hewa inachomoka pembeni ya barakoa, kitanda kinalia, mumewe anasonya.

Zilikuwa zimebaki siku tano.

Sostenes alikuwa dereva wa lori kubwa la mgodini, lile ambalo tairi lake peke yake linampita mtu kimo. Siku moja alisinzia kwenye usukani, lori likapanda tuta la pembeni na kusimama. Hakuumia mtu. Hospitali ya Mwanza walimlaza na nyaya kichwani, wakaona kwamba akilala koo linajifunga, pumzi inakatika, anashtuka, inakatika tena, hivyo hivyo hadi kunakucha. Wakampa mashine ya kumsukumia hewa puani. Daktari wa mgodi akamwambia mashine hiyo inajiandikia yenyewe: umelala nayo saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani. Mwezi ukiisha hewa bado inavuja, lori harudishiwi.

Kwa sasa alikuwa akivuta kamba ya geti la mgodi usiku na kulala mchana. Cornel, kijana aliyemfundisha udereva yeye mwenyewe, kila akipita na lori alitoa kichwa dirishani na kumwita mzee wa kamba. Sostenes akirudi nyumbani hali chakula. Anakaa tu, anatazama ukuta.

Mariana aliishia darasa la nne, na tarakimu za kwenye kile kioo kidogo cha mashine hazikumwambia kitu. Lakini kulikuwa na kiuso. Barakoa ikikaa vizuri kinacheka, rangi ya kijani. Ikivuja kinanuna, chekundu. Siku za kwanza kilicheka. Kisha hewa ikavuja kidogo, na Sostenes, aliyekulia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako kila kinacholegea hufungwa kwa tyubu la baiskeli, akakata kipande cha tyubu na kuikaza barakoa mpaka pua ikachubuka. Ndipo mama yake akaja kutoka Mhunze na kopo la samli. Kila asubuhi, kabla mwanawe hajalala, alimpaka uso mzima. Barakoa ikawa inateleza, Sostenes anazidi kukaza, hewa inazidi kumpiga machoni. Siku ya kumi hii kiuso kimenuna.

Mariana alijua. Kule Mwanza nesi alisema uso uoshwe kwa sabuni, ukauke, usipakwe mafuta, na mikanda isikazwe sana. Mariana alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Nesi hakuwa akisema naye, na Sostenes alikuwa akiuliza lori tu. Baadaye alimkumbusha mumewe, naye akajibu, "Mwambie mayu wewe," yaani mama yake. Hakuna aliyethubutu. Kwao, alichopaka mama mkwe kwenye mwili wa mwanawe, mke hakifuti. Kukifuta ni kusema kwamba mama amempaka dawa mbaya.

Mlango ukafunguliwa. Sostenes alitoka na mistari ya mikanda mashavuni, macho mekundu.

"Umeamka tena?" mama yake akamuuliza kutoka kwenye mkeka.

"Sijalala, mayu."

"Kaza ule mpira. Ndama wako ulikuwa unamfunga legelege hivyo hivyo, tukamtafuta mpaka Mwadui."

"Nikikaza zaidi pua itabaki humo."

"Basi itabaki, si ndefu. Njoo hapa." Alikuwa ameshafunua kopo, kidole kimeingia.

Mariana aliacha nepi kwenye beseni. Alipiga magoti mbele ya mkeka, mikono bado inachuruzika povu, na maneno yakatoka yamebanana.

"Mayu, samli isimguse usoni."

Kidole kikasimama. "Mama Suzana, unasema mimi namfanya nini mwanangu?"

"Sisemi hivyo. Barakoa inateleza. Nesi alitwambia, nikaona haya kukueleza. Na mimi siwezi kuifuta. Umeipaka wewe. Nakuomba umwoshe wewe."

Bibi yule alimtazama mwanawe. Sostenes alikuwa anatazama chini.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Jitu zima linamwogopa mama yake kuliko kufukuzwa kwenye gari." Alikifuta kidole kwenye mguu wake mwenyewe. "Leta maji. Na hiyo sabuni yako ya nepi."

Alimwosha kama mtoto, akisugua mpaka nyuma ya masikio, na Sostenes akilalamika povu limeingia machoni aliambiwa anyamaze. Mariana aliisugua barakoa, akaikausha kwa kanga safi, akaondoa tyubu. Sostenes alipojilaza, mkewe alimwashia hewa, akainyanyua barakoa kidogo usoni na kuiachia ikae yenyewe. Akalegeza mikanda. Fyuuu ikasikika mara moja, ikakoma.

Wanawake wawili walikaa nje ya mlango. Mariana alianza kuanika nepi, akaacha, akarudi kusikiliza. Kimya kilimtisha kuliko kelele. Mara mbili alichungulia kuona kama kifua kinapanda.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," mkwewe akasema. Dakika haikupita, akainuka kuchungulia yeye.

Saa kumi Sostenes aliita. Kiuso kilikuwa kijani. Alikigusa kwa kidole, akaomba ugali.

Mama yake alikuwa asafiri kesho, begi limeshafungwa. Alilifungua, akatoa kitenge cha kushindia.

"Zimebaki ngapi?"

"Leo ikiisha, nne, mayu."

"Uso nitamwosha mimi. Wewe usiuguse."

"Ndiyo, mayu," Mariana akasema, akaenda kusonga ugali, masikio yakiwa bado kule chumbani.