Kiranja na Vitambaa Visivyoshiba

Ieleweke kwanza kwamba safari hii sikufanya kitu. Nalazimika kusema hivyo kwa sababu likizo ya Aprili nilitia rangi ya pilau ndani ya tangi la maji, na nyumba nzima ikaoga njano siku mbili. Tangu hapo, kikombe kikivunjika Garissa, mama yangu ananigeukia mimi nikiwa Ijara.

Mkosaji halisi alikuwa na umri wa siku kumi na tisa. Alikuwa mwanambuzi mweupe mwenye masikio ya kahawia. Nyanya yangu, Ayeeyo Bishara, alimleta kutoka Kotile amemfunga kwenye shuka kama mtoto mchanga, kwa kuwa mama yake alikufa siku ya pili baada ya kumzaa. Mdogo wangu Deka, wa darasa la kwanza, akawa mama mpya kwa chupa ya maziwa. Jina nilimpa mimi: Kiranja. Nilikuwa nimetoka bweni juzi tu, na yeye alikuwa anaamsha watu saa kumi na moja alfajiri bila kutumwa na mtu.

Tatizo lilikuwa zulia. Mchana Kiranja alishinda nje, lakini giza likiingia ilibidi awe ndani, kwa sababu fisi alikuwa amechukua kondoo wa jirani wiki hiyo hiyo. Na ndani, zulia la sebuleni ndilo Ayeeyo analoswalia. Jumatatu Kiranja alikojoa karibu na mlango. Jumanne, katikati. Jumatano alichagua, kwa makini kabisa, mahali ambapo paji la uso la Ayeeyo hugusa.

Mama alitoa hukumu akiwa ameshika ndoo mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

"Tone moja tena, Ijumaa asubuhi anarudi Kotile na gari la abiria la Gelle."

"Kule atanyonya kwa nani?" Deka akauliza.

Mama akaanza kusugua zulia. Mbuzi wa Kotile walikuwa wamekauka kwa ukame, na sote tulijua mwanambuzi asiye na mama hukaa siku ngapi.

Alhamisi mchana nilikwenda kwenye ua wa jirani yetu, Mwalimu Kanana. Yeye ni mtu wa Meru, anafundisha shule ya msingi, na anafuga mbwa mdogo kama paka ambaye hulala ndani ya nyumba. Mtaa wetu umelijadili jambo hilo mwaka mzima bila kufikia uamuzi.

"Mwalimu, nina swali la kisayansi. Mbwa wako anakojoa wapi?"

"Wewe? Kwanza toa mikono mfukoni niione."

Nikatoa. Alipoona ni mikono mitupu, na kusikia habari za Kiranja, aliingia ndani akarudi na pakiti ya vitambaa vya mbwa ambayo haijafunguliwa.

"Unatandaza kimoja. Anakojoa hapo. Unakunja, unatupa. Na akishakojoa mara moja, harufu yake itamwita arudi palepale."

"Na mkojo unakwenda wapi?"

"Unanyonywa."

"Na nani?"

Mwalimu Kanana akanisukumia pakiti mikononi. "Batula, vitambaa ni vyako. Nenda."

Juu ya pakiti kulikuwa na picha ya mbwa anayecheka. Mimi naijua nyumba yetu. Vitambaa vyenyewe, kumi na viwili, nilivibeba kwapani, na pakiti nikaificha chini ya godoro langu. Huo haukuwa utundu. Ulikuwa ubalozi.

Magharibi ilipokaribia, nilitandaza kimoja kwenye kona. Kilikuwa cheupe, laini, na chini yake kuna plastiki ya buluu. Kiranja alikinusa, akakizunguka mara mbili, akajaribu kukila, akabadilisha mawazo, akakojoa. Mkojo ulienea, ukasimama, ukatoweka.

Deka alinyoosha kidole, akagusa. "Pakavu."

Ayeeyo alikuja na tasbihi mkononi. Akainua pembe ya kitambaa, akapapasa zulia chini yake. Pakavu. Akapapasa tena.

"Batula. Mkojo umeupeleka wapi?"

"Umo ndani, Ayeeyo."

"Ndani ya nini? Hiki ni chembamba kama chapati."

Mama akaleta kipya, akakimiminia kikombe kizima cha chai. Chai ikatoweka. Akamimina kikombe cha pili. Tukakizunguka sote tukikitazama kama watu waliozunguka kisima kilichokauka, isipokuwa hiki hakikuwa kimekauka, kilikuwa kinakunywa.

"Kinakunywa na hakina tumbo," Ayeeyo alisema polepole. "Na baada ya hapo mnakitupa? Watu wa Nairobi wananunua kitambaa ili kikojolewe, na huku mchanga umejaa nchi nzima. Nani aliwaambia mchanga umeisha?"

Hata hivyo zulia lilikuwa kavu, na Mama hakusema chochote kuhusu Gelle. Nilikunja kile alichokojolea Kiranja, nikakirusha uani kando ya jiko la nje, kisha nikaenda dukani kununua maziwa, moyo mweupe.

Niliporudi, Mama na Ayeeyo walikuwa wamesimama uani, mbali na beseni kubwa la kufulia. Ayeeyo alikuwa anasoma dua. Deka alikuwa amemkumbatia Kiranja shingoni.

Ndani ya beseni kulikuwa na kitu. Kilikuwa kimefura hadi kupita ukingo, kinang'aa kama macho ya samaki, kimechanganyika na mchanga, na bado kilikuwa kinapanda.

"Batula!" Mama alisema. "Umetia nini?"

"Mimi nimetoka dukani!"

"Aprili pia ulikuwa umetoka dukani."

Ilinichukua muda kuelewa. Deka, kwa fahari, alikuwa amechomoa pakiti chini ya godoro ili amwonyeshe Ayeeyo jinsi vitambaa vyetu vilivyo na picha nzuri. Ayeeyo alipoona picha ya mbwa, akaagiza beseni. Katika dini yetu, kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Vitambaa vyote vilivyobaki vikatiwa majini. Osho la kwanza vikanenepa. La pili vikapasuka. La tatu, ndipo walipotia udongo, likatokea hilo nililoliona.

"Kadiri tunavyosuuza," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "ndivyo kinavyozidi."

"Bado mara nne," Ayeeyo alisema, lakini hakusogea.

Tukamwita Mwalimu Kanana. Alitazama beseni kutoka upande wake wa ua, akashika mdomo.

"Mwalimu," Ayeeyo alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali, "hii bicha ya mbwa inafanya nini hapa?"

"Ni picha tu, Ayeeyo. Hakuna mbwa aliyevigusa. Kwani kiberiti chako si kina picha ya simba? Ushawahi kukiosha?"

Ayeeyo alikuwa na jibu. "Simba hajalamba kiberiti."

"Na mbwa hajalamba hivi!"

"Sasa kwa nini amecheka?"

Pakiti nyingine Mwalimu Kanana hakuwa nayo. Mama akamwaga lile rundo kando ya jiko la nje, likatulia juu ya kile kitambaa nilichokuwa nimekirusha. Kisha akampigia Gelle simu. Apitie kwetu asubuhi, kuna mzigo. Deka hakulia. Alikwenda tu kumtafutia Kiranja shuka ya safari.

Saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida, Kiranja alianza kupiga kelele. Ila safari hii alikuwa amesimama mlangoni, anapiga mbao kwa kichwa. Ayeeyo, aliyekuwa anajiandaa kuswali, alimfungulia ili anyamaze. Kiranja akatoka moja kwa moja hadi kwenye rundo, akalinusa, akakojoa juu yake kwa utulivu mkubwa, akarudi ndani, akalala.

Ayeeyo alifunga mlango. Kisha akapiga magoti, akapapasa zulia lote, kona hadi kona. Pakavu. Akaswali.

Honi ya Gelle ilipolia, ni Ayeeyo aliyetoka.

"Mzigo uko wapi, Ayeeyo?"

"Huu." Akampa mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa kile kitu cha kung'aa, alichokichota upande ambao Kiranja hakuukojolea. "Mpelekee dada yangu Kotile. Mwambie ni maji. Mwambie ayashike mkononi, maana nikimsimulia kwa simu atasema nimezeeka."

Gelle alifungua mkebe, akaugeuza. Maji hayakumwagika. Akaugeuza tena, kisha akanitazama mimi.

"Batula, hii ni nini?"

"Wallahi, Adeer Gelle, sijui," nikasema, na kwa sura zao niliona kwamba hakuna hata mmoja aliyeniamini, isipokuwa Deka, ambaye alikuwa anaikunja shuka kuirudisha ndani.