Lete Mzazi

Nilirudi Rwanda Agosti 1994 nikiwa na sanduku moja, cheti cha ualimu cha Tanzania na ulimi usiojua kusubiri. Hilo neno "nilirudi" nalo ni la kujipendelea, maana nilizaliwa Karagwe, Tanzania, na Kigali nilikuwa naijua kwa masimulizi ya mama yangu tu. Shule zilipofunguliwa nilipewa darasa la tatu pale Nyakabanda, Kigali: watoto sitini, madawati kumi na matano, na ubao wenye matundu mawili ya risasi. Baada ya wiki moja nilikuwa naandika tarakimu kuzunguka matundu hayo bila hata kuyatazama.

Nilikuwa mwalimu mkali, na ukali wangu niliuonea fahari. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo nilivyolelewa, basi mimi sikumchelea mtoto wa mtu. Mwenzangu Donatille, aliyefundisha shule hiyohiyo tangu kabla ya vita, alikuwa kinyume changu kabisa. Kila asubuhi, kabla ya kugusa chaki, alipita kwa kila mtoto akimuuliza: umelala wapi, umekula nini, nani amekusuka nywele. Nilimtania kwamba anafundisha somo la umbea. Alicheka kidogo, akaendelea kuuliza.

Mtihani wangu ulikuwa Kamikazi, msichana wa miaka tisa. Alikuwa hasemi. Nikisoma imla wenzake wanaandika, yeye kalamu iko hewani na macho yako mlangoni. Na kila lori lilipopanda kilima likibadilisha gia, aliinuka akatoka nje, bila ruhusa na bila haraka, kama mtu aliyeitwa. Mara ya kwanza nilimrudisha kwa maneno. Mara ya pili nilimsimamisha kwenye kona. Mara ya tatu, Jumatano moja ya Novemba, tulikuwa katikati ya hesabu za kugawanya, na hasira ikanipanda mpaka chaki ikanivunjikia mkononi.

"Chukua mfuko wako," nilimwambia. "Kesho usirudi hapa bila mzazi. Usipomleta, shule basi."

Aliyesoma Tanzania anaijua amri hiyo. Mtoto akikosa, alete mzazi. Mzazi anakuja na kanga yake, anasemwa, anaomba radhi, yanakwisha, na pengine mwalimu anaachiwa ndizi. Ilinitoka kwa mazoea tu. Darasa zima likanyamaza, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni adabu.

Donatille alikuwa amenisikia kupitia ukutani. Saa ya mapumziko alikuja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini.

"Harriet, darasani kwako, wenye mama ni wangapi?"

Sikujua. Nilijua nani hajui kuzidisha na nani anaibia kwa jirani, lakini hilo sikuwa nimeuliza.

"Huyo uliyemfukuza analala kwa Nyiraneza, mama mzee wa huku chini, mwenye watoto sita na hata mmoja si wake. Kwao kulikuwa Kabeza. Wazazi wake waliuawa Aprili. Waliowaua walikuja na lori."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Hasira hasara, nikajiambia; kesho atakuja na Nyiraneza, nitawaomba radhi wote wawili.

Kesho yake, Alhamisi, Kamikazi alikuja saa tatu, lakini hakuja na mama mzee. Aliongozana na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kiasi, kitenge amekifunga imara, mikono inanuka dagaa wakavu wa Tanganyika, wale wanaoitwa ndagala.

"Mimi ni mama yake," alisema, kwa Kiswahili cha Bujumbura.

Ningepaswa kushangaa. Badala yake nilipata nafuu kubwa mno, na nafuu hiyo ikanirudishia ulimi. Kumbe mama yupo. Kumbe Donatille na umbea wake! Basi nikamsema yule mama pale mlangoni kama nilivyozoea: mtoto haandiki, mtoto hasemi, mtoto anatoka ovyo, nyumbani mnamfunza nini? Yeye aliinamisha kichwa, akaitikia, "Ni kweli, mwarimu. Utusamehe, mwarimu." Mkono wake ulikuwa begani kwa Kamikazi. Na Kamikazi alisimama wima, ameshika pindo la kitenge kile, akisikiliza makosa yake yakisomwa, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

Nilimruhusu aingie darasani. Yule mama akabaki.

"Mwarimu, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sasa na wewe unisaidie. Huyu mutoto anaitwa nani? Tulikuja mbio, sikumuuliza."

Nilikaa kwenye ngazi. Yeye akakaa kando yangu, akanieleza taratibu, kama anayeogopa nitamsema tena. Jina lake Générose. Wazazi wake walikimbilia Burundi kabla hajazaliwa, na sasa alikuwa analeta ndagala Kigali. Asubuhi ile alikuwa stendi ya Nyabugogo, anashusha magunia yake kwenye basi, akaona mtoto anapita kwa wanawake, mmoja baada ya mwingine. Wapagazi walimfukuza wakidhani ni mwizi. Alipomfikia yeye, alimwamkia vizuri kwa Kinyarwanda, kisha akamuuliza: mama, unaweza kuwa mzazi wangu mpaka saa nne?

"Na ukakubali," nilisema.

"Ningesema nini, mwarimu? Wengine wanne walikuwa wamekwisha kumukatalia. Mizigo yangu iko chini kule, sijui kama nitaikuta."

Alipita mlangoni mwa darasa langu, akamwita Kamikazi kwa jina ambalo nilikuwa nimemtajia dakika ile, akamwambia asome. Halafu akaondoka.

Baadaye nilimuuliza mtoto kwa nini hakumleta Nyiraneza. Alinijibu, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu: "Ulisema mzazi. Nyiraneza si mzazi wangu."

Niliapa siku ile kwamba amri ile haitanitoka tena mdomoni. Nilihamisha kiti cha Kamikazi mpaka mlangoni, mlango ukabaki wazi hata mvua ikinyesha, na nikamwambia lori likija atoke, asimame ukutani, likishapita arudi. Hakuhitaji ruhusa yangu. Nilianza kuuliza maswali ya Donatille kila asubuhi, kwanza kwa kigugumizi, maana majibu mengine yalikuwa hayabebeki. Jumamosi nilikwenda kwa Nyiraneza nikawasomesha wote sita mkekani, naye mama mzee akisikiliza huku anachambua maharage.

Kamikazi alianza kuandika. Wiki ya kwanza mstari mmoja, wiki ya pili nusu ukurasa. Alitoka nje mara chache zaidi, na siku moja lori lilipita akabaki kwenye kiti, ameshika meza. Wiki ya nne alipata tisa juu ya kumi katika imla. Nilijisifu kwa Donatille mpaka akachoka kunisikiliza.

Nilitaka Générose ajue. Alhamisi tatu nilikwenda Nyabugogo mabasi ya Bujumbura yakiingia, nikaulizia kwa wanawake wa ndagala. Hakuwa amerudi tangu safari ile. Barabara za Burundi zilikuwa za hatari siku hizo, walisema, na hawakutaka kusema zaidi.

Alhamisi iliyofuata Kamikazi alikuja shuleni amesukwa upya, gauni limefuliwa. Niligawa karatasi za imla. Ya kwake niliiweka mbele yake kwa mikono miwili, ile tisa imeandikwa kwa wino mwekundu. Aliitazama sana. Kisha akaichana katikati, akaichana tena, akaja akaviweka vipande mezani kwangu. Mfuko wake ulikuwa tayari mgongoni.

"Nimekosa, mwalimu," alisema. "Niende nimlete mzazi?"

Nilimtazama yule mtoto mpaka nikaelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Nikaona bora nimwambie ukweli.

"Kamikazi, Générose hayupo. Nimemtafuta. Hajarudi."

"Si lazima awe yule," alisema. "Nitamwomba mwingine."

Nilianza kuvikusanya vile vipande. Dawati la mbele, Shema, mvulana ambaye hakuwahi kunisumbua hata siku moja, alikuwa amenyoosha kidole.

"Mwalimu, na mimi naweza kwenda?"

Nyuma yake mikono mingine ikaanza kuinuka, kimya kimya, kama nilivyowafundisha.