Gitaa la Mashoto

Fermin alikuwa mashoto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililommaliza. Gitaa lake alitengenezewa na baba yake, fundi viatu wa mji wa León huko Meksiko, nyuzi zikapangwa kinyume na magitaa ya watu wote. Mgongoni lina mkwaruzo wa kisu cha kukatia ngozi.

Mwaka tisini na nane nilikuwa Guangzhou kwa mjukuu wangu Swalha, aliyekuwa akinunua nguo za watoto kwenye soko la Shahe na kuzileta Dar. Yeye anazunguka sokoni, mimi napika. Mlango wa pili walikaa Wameksiko watatu: Fermin mwimbaji, mdogo wake Eliseo mpiga ngoma, na Chema wa gitaa la besi. Fermin alizoea kuja kula wali wangu, akiniita abuela, ndiyo bibi kwa lugha yao. Kiingereza chake Swalha akinitafsiria, na hivyo ndivyo nilivyoijua habari yao.

Bendi waliianzia kwenye karakana ya baba yao. Eliseo akigonga soli kwa nyundo, kaka yake akaimba juu ya mdundo ule, wakajiita Soli Iliyochanika. Wakapiga harusini, wakapiga kwenye mabaa, ikafika mahali bendi kubwa za roki zikawa zinawaita wazitangulie jukwaani, na kaseti yao ikisikika kwenye mabasi ya León. Halafu viatu rahisi kutoka nje vikajaa kwao, karakana ikafungwa, mzee akafa na kiatu kimoja mezani hakijashonwa. Hapo akatokea wakala, akawaahidi ziara ya Asia nzima. Ziara yenyewe ikawa hoteli moja karibu na stesheni, pale Liuhua, kila jioni, nyimbo za watu wengine tu. Wakijaribu wimbo wao, meneja anapunga mkono, bu yao, hatutaki.

Na Liuhua hiyohiyo ndiko viatu vinakouzwa kwa jumla. Fermin alikuwa akipita anaokota kimoja, anakinusa gundi, anakirudisha.

Mwezi wa kumi mtu wa studio ya Hong Kong aliyewasikia kwa bahati alisema atakuja Jumamosi kusikiliza nyimbo zao wenyewe. Zikimpendeza, atawarekodi. Mkataba wa hoteli ulikuwa unakwisha, visa nazo zinakwisha. Siku hiyo Fermin hakumaliza chakula.

"Abuela," aliniambia, "hii ikipita, bendi imekufa. Eliseo ameshasema anarudi nyumbani."

Sasa ulikuwa msimu wa maonyesho makubwa ya biashara, mji umejaa wageni. Hoteli ikautaka ukumbi wake kwa karamu, wakaambiwa waondoe vyombo mpaka Jumamosi. Chumbani kwao hapakuwa na nafasi hata ya gitaa, godoro lenyewe lilikuwa limesimamishwa ukutani. Swalha akawaonea huruma, akawapeleka kwa Abdulhadi, kijana wa Unguja aliyetukusanyia mizigo sisi Watanzania kwenye stoo yake.

Stoo ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila mzigo una alama ya mwenyewe, imechorwa kwa rangi nyeusi. Wapakiaji Wachina hawajui Swalha ni nani wala mfanyabiashara mwenzake Kazija ni nani, wanajua alama. Mzigo usio na alama haulazwi. Basi Swalha akazichorea sanduku za Wameksiko alama yake mwenyewe, SW ndani ya duara, zipate kulala. Abdulhadi akamtania kwamba siku hizi ameacha nguo anauza ngoma, akaahidi atazitenga pembeni.

Akazitenga kweli. Lakini meli iliharakishwa, na lori la kontena likaja Ijumaa mchana, yeye yuko msikitini na sisi tuko msikitini. Wapakiaji walifanya kazi yao vizuri mno. Kila chenye SW ndani ya duara kikaingia, ngoma, spika, magitaa, na marobota ya nguo za watoto yakasindiliwa juu yake. Mlango ukapigwa lakiri, lori likaondoka. Abdulhadi aliporudi alipewa karatasi, akatia sahihi. Kuna wakati sahihi ile ilimnyima usingizi, lakini angejuaje?

Jumamosi asubuhi tulikwenda sote kuchukua vyombo. Abdulhadi alitazama ile pembe, akatazama tena.

"Ndugu yangu," akasema, "viko kwenye kontena."

"Lifungue."

"Lina lakiri ya forodha. Liko bandarini tangu jana."

"Linakwenda wapi?"

"Dar es Salaam."

Fermin alilirudia jina polepole, kama mtu anayeuliza njia. Eliseo ndiye aliyecheka.

"Hongera, kaka. Vyombo vyetu vimepata ziara."

Wafilipino waliokuwa wakipiga hoteli nyingine waliwaazima kila kitu, ngoma, besi na gitaa. Ila gitaa ni la mkono wa kulia, na mwenyewe akakataa nyuzi zisiguswe. Jioni ile nilikaa nyuma ya ukumbi na Swalha. Fermin aliligeuza gitaa la watu, vidole vikatafuta nyuzi mahali zisipokuwa. Akaanza, akaacha. Akaanza tena. Mwisho akaliegemeza ukutani, akaimba mikono imening'inia, kama mtoto anayesomeshwa shairi mbele ya darasa. Mtu wa Hong Kong alisikiliza nyimbo mbili, akamaliza kinywaji chake, akampa kila mmoja mkono. Alisema sauti nzuri. Hakuuliza pa kuwapata.

Swalha alilia ngazini. Fermin akaketi kando yake, akamwambia asilie, alikuwa anawasaidia. Afadhali angemtukana.

Eliseo aliondoka wiki hiyohiyo, hakuja kuaga. Chema akamfuata. Fermin alibaki. Visa ikaisha, wali wangu akaacha kuja kula, kisha mlango ule ukawa na wapangaji wengine.

Nilirudi Dar kabla ya Ramadhani, na kontena likafika. Nikampigia Swalha simu amtafute Fermin, gitaa lake tumpe msafiri wa ndege ampelekee. Alimkuta Liuhua, amebeba maboksi ya viatu ya tajiri mmoja wa pale, laoban wake, yaani huyo tajiri, akimfokea njiani. Alisimama kidogo tu, boksi liko begani.

"Mwambie abuela asilirudishe," alisema. "Hapa nitalipiga na nani?"

Ngoma na spika Swalha alizigawa. Gitaa lipo juu ya kabati langu. Dismas, fundi wa magitaa wa mtaani kwetu, alinionyesha namna ya kulegeza nyuzi shingo isipinde, akasema ni kazi ya mtu anayejua mbao. Vijana wakija hulishusha. Kila mmoja hulipakata, huligeuza huku, huligeuza kule, halafu hulirudisha alikolitoa.