Bado ya Mzee Gozbert

Baba yangu alizuiwa kwenye meza ya Bwana kwa sababu ya neno moja, na mpaka leo nikilikumbuka napandwa na hasira. Neno lenyewe ni "bado".

Niwaeleze kwanza baba yangu ni nani, maana waliomhukumu walijifanya hawamjui. Ni Mzee Gozbert, Mhaya wa Muleba aliyekuja Dar kijana, akajifunza kuchora vibao na kufungua kibanda chake Temeke. Aliyefungua saluni, bucha au duka la dawa alipita kwake. Aliokoka mwaka 1989 kwenye mkutano wa injili pale viwanja vya Mwembe Yanga, akaacha pombe siku hiyohiyo, na asubuhi yake akaandika kwenye mlango wa kibanda, kwa rangi nyekundu: FUNDI HUYU AMEOKOKA. Wateja walimcheka. Mmoja alimwuliza kama na kuchelewesha kazi za watu nako kumeokoka.

Swali lilikuwa la haki. Baba alikuwa fundi wa mji huu kama mafundi wengine. Mteja akija asubuhi, "Mzee, kibao changu kimekwisha?" "Bado." Akirudi mchana, "Bado kidogo." Akirudi jioni amefura, "Kesho nitamaliza." Alilisema neno hilo miaka arobaini, mara ishirini kwa siku, bila hata kuinua macho kutoka kwenye brashi.

Miaka mitatu iliyopita akaanza kusahau. Kwanza majina ya rangi, halafu njia ya kurudi nyumbani kwetu Charambe, halafu sisi wenyewe. Daktari alituonyesha picha ya kichwa chake akasema ubongo unanyauka, hakuna dawa ya kuurudisha. Vilivyobaki ni mikono na lile neno.

"Baba, umekula?"

"Bado." Na tonge liko mdomoni.

"Umeoga?"

"Bado." Na maji yanamtiririka kifuani.

Siku moja jirani yetu, Bi Mwamvita, ambaye ndiye aliyewahi kumkuta amepotea kule Rangi Tatu akamrudisha kwa bajaji, alimtania barazani. "Mzee, hebu niambie, umeoa wewe?" Baba akajibu bado, huku Mama amepiga magoti mbele yake anamfunga vifungo vya shati. Tulicheka sote, na Mama ndiye aliyecheka zaidi. "Basi mie humu ndani nani, hawara?"

Hayo tuliyaona ni vichekesho vya ugonjwa. Hatukujua kwamba kuna mahali neno hilo litapokewa kama kiapo.

Kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya mwezi ndiyo ya meza ya Bwana, na kabla ya mkate wazee hupewa maiki washuhudie. Kila mshirika anayajua maneno hayo hata usingizini: Bwana asifiwe, naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Yesu. Mwezi wa tatu Mchungaji Stanley, aliyehamishiwa kwetu mwaka jana, alimsogezea Baba maiki mdomoni.

"Mzee wetu Gozbert, umeokoka?"

"Bado," akasema Baba.

Wachache walicheka, maana wanamjua. Mchungaji hakucheka. Akauliza tena, polepole, kama anayemhoji mtoto aliyevunja kikombe. Baba akamjibu kwa upole kabisa, "Bado kidogo."

Trei ya mkate ilipofika kwetu, mhudumu alimtazama Mchungaji, Mchungaji akatikisa kichwa. Trei ikapita juu ya mkono wa Baba ikaja kwangu. Mkono wake aliuacha wazi hivyohivyo, kiganja juu, mpaka wimbo wa tatu. Alikuwa amesahau jina langu mimi niliyemzalia wajukuu wanne, lakini hakuwa amesahau kufungua kiganja kwa ajili ya mkate. Hilo hakuna aliyelihesabu kuwa ushuhuda.

Jumamosi iliyofuata tukaitwa kwenye kikao, mimi na Mama. Baba tulimwacha kwa Bi Mwamvita. Kikao kilikuwa ndani ya kanisa, mbele, chini ya ule mchoro mkubwa wa ukutani. Nao ni kazi ya Baba. Aliuchora miaka ishirini iliyopita, wiki sita juu ya ngazi, kama sadaka ya mikono yake: kushoto msalaba, katikati dhiki kuu, halafu Miaka Elfu ya amani, simba amelala na mwanakondoo, na kulia kabisa kiti cheupe cha hukumu, watu wamepanga foleni ndefu. Simba wake anafanana na paka, kwa sababu paka ndiye aliyekuwa karibu. Tulikua tukimcheka simba huyo.

Mchungaji Stanley akafungua kikao kwa sala, kisha akafundisha kwamba wokovu unaweza kupotea. Akasoma habari za wale walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka, na habari za anayemkana Bwana mbele za watu. "Mzee wetu alikuwa ndani," akasema, "ila amekana kwa kinywa chake, mbele ya kanisa zima, mara mbili. Mie sina furaha kusema haya."

Nikamwambia, "Mchungaji, Baba anaumwa. Muulize kama ameoa, atakwambia bado. Utaivunja ndoa yao?"

"Dada Benedicta, ndoa ni ya hapa duniani."

Mzee wa kanisa Brightson akapinga, nami nikadhani nimepata mtetezi. Brightson ana miaka arobaini na mbili, suti zake zinang'aa, na amesoma chuo cha Biblia kwa njia ya mtandao. Akasema wokovu haupotei kamwe, kondoo aliye mkononi mwa Bwana hakuna wa kumpokonya. Mama alinyanyua kichwa. Nikaiona midomo yake ikisema ahsante kimyakimya.

"Kwa hiyo," Brightson akaendelea, "kama aliyeokoka hawezi kupoteza, na mzee anasema bado, jibu liko wazi. Hakuwahi kuokoka tangu mwanzo."

Mmoja alimtoa baba yangu mbinguni, mwingine akasema hakuwahi kuingia. Waligombana saa nzima nani kati yao yuko sahihi. Halafu Mchungaji akachukua fimbo ya kufundishia, akagusa ukuta, akasema sasa hivi Mzee Gozbert yuko hapa. Fimbo ilikuwa kwenye foleni ya kiti cheupe. Alikuwa anampanga baba yangu kwenye hukumu kwa mchoro alioupaka baba yangu mwenyewe.

Brightson akadakia kwamba hata mchoro wenyewe una makosa, Miaka Elfu si miaka ya kuhesabu, ni mfano tu. Mchungaji akasema neno la Mungu halina mfano pale linapotaja namba. Wakaanza upya. Ufufuo wa kwanza, ufufuo wa pili, unyakuo kabla ya dhiki au baada ya dhiki, kurasa zinafunuliwa huku na huku. Baba yangu akasahaulika kabisa, na hao ndio wenye akili timamu.

Jua lilipoanza kushuka walikubaliana jambo moja tu: asipewe mkate mpaka aongozwe upya sala ya toba na akiri kwa kinywa chake.

Tulipofika kwa Bi Mwamvita, Mama akanyoosha mkono kumshika Baba, akamwuliza yule mama wa Kizaramo, Mwislamu, mbele yangu, "Kwenu nyie, mtu akipoteza akili anahukumiwaje?"

Bi Mwamvita alishangaa swali. "Mie si shehe, Mama Bene. Ila tulifundishwa chuo cha Kurani toka wadogo: mtoto, aliyelala, na asiye na akili, kalamu imenyanyuliwa. Haandikiwi kitu." Akamtazama Baba aliyekuwa anachora mistari kwa kidole kwenye vumbi la baraza. "Kwani kwenu nyie anaandikiwa tu?"

Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Mama hakuona aibu, aliona hofu. Mama yangu, Rosalia, ni mtu wa kuamini anachoambiwa na aliyeshika Biblia. Alikuwa anamwona Baba kwenye ile foleni, peke yake, hajui kwa nini amepangwa hapo, na yeye Mama yuko upande wa pili hawezi kumfunga vifungo. Aliniambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Basi kila asubuhi kabla ya chai alimkalisha kwenye kigoda.

"Baba Bene, sema: nimeokoka."

"Bado."

"Si bado. Sema nami: ni-me-o-ko-ka."

Na mimi, Mwalimu Benedicta, niliyekuwa nimechemka kwenye kikao kama sufuria, nikasaidia. Nilimwandikia neno kwenye ubao wa wanafunzi wangu wa tuisheni. Nilimpa kipande cha andazi kila alipofika silabi ya tatu. Nina hasira na Mchungaji, nina hasira na Brightson, lakini ile ya andazi ni hasira yangu juu yangu mwenyewe.

Baba alichoka. Alidhani sisi ni wateja. Asubuhi moja ya wiki ya tatu machozi yalimtoka, akatuambia, "Jamani msinisumbue. Nitamaliza kesho, haki ya Mungu nitamaliza." Mama akamfuta uso na kanga. Lakini kesho yake asubuhi akamkalisha tena.

Ikafika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha wiki nzima. Mchungaji Stanley akamwita Baba mbele, sauti yake laini sasa, maana alitegemea ushindi. Mama akamshika Baba mkono mmoja, mimi mwingine, tukasimama naye chini ya mchoro. Kanisa lilijaa hadi milangoni. Wengine nadhani walikuja kwa ajili yetu.

"Mzee Gozbert, rudia baada yangu."

Baba hakumsikiliza. Alikuwa anatazama ukuta. Maji ya mvua yalipenya kwenye bati na rangi ilikuwa imebanduka pale kwenye Miaka Elfu, shingoni mwa simba, kiasi cha sahani. Akajinasua mikononi mwetu, akasogea, akaweka dole gumba kwenye ule ubanduko na kulizungusha taratibu pembeni mwake. Kwa miezi mingi sikuwa nimemwona na uso ule. Alikuwa kazini.

"Mzee," Mchungaji akamfuata na maiki. "Kanisa linasikiliza. Umeokoka?"

"Bado," akasema Baba, bila kugeuka. "Hapa pamebanduka. Nitakuja kesho na brashi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mchungaji akashusha pumzi ndefu ndani ya maiki, akasema kanisa limefanya sehemu yake, tuendelee kumwombea mzee, mlango wa neema haujafungwa. Kisha akawapa ishara wahudumu waanze na mkate. Yaani sisi tumesimama palepale, mzee wa watu ana vumbi la rangi kwenye kidole, na ibada inasonga.

Mhudumu alitufikia sisi kwanza kwa kuwa tulikuwa mbele. Akamnyooshea Mama trei. Mama akachukua kipande chake, akakimega katikati. Baba alikuwa amegeuka tayari, na kiganja chake kiko wazi. Mama hakuweka mkate kwenye kiganja. Alimlisha mdomoni, kama anavyomlisha kila siku.

"Mama Benedicta," Mchungaji akasema, na maiki ilikuwa wazi, kanisa zima lilisikia. "Unajua unachofanya? Unamlisha hukumu."

"Ameshameza, Mchungaji," Mama akajibu.

Kukawa na minong'ono. Brightson alisimama kwenye kiti chake cha mbele, akaketi, akasimama tena. Mchungaji Stanley uso ulimbadilika. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kumrudisha huyu mama kwenye mstari, na kwa kuwa alijua jibu la mtu kama Mama, mwenyekiti wa wanawake kwa miaka kumi na sita, aliyeokoka siku moja na mumewe pale Mwembe Yanga, akaona amwulize lile swali rahisi kuliko yote. Akamsogezea maiki mdomoni.

"Mama Rosalia. Wewe mwenyewe, umeokoka?"

Mama alikuwa anamfuta Baba makombo kwenye ndevu kwa pindo la kanga. Hakuharakisha. Alimaliza upande mmoja, akahamia wa pili, huku maji yakidondoka toka kwenye bati.

"Bado," akasema.

Kisha akairudisha nusu yake ya mkate kwenye trei, akamshika Baba mkono, wakaenda kukaa.