Kupe wa Kobe

Mbwa wa dada yake alikuwa na kupe nyuma ya sikio, amevimba, mgongo wote madoadoa ya manjano. Mtafiti alimbandua kwa kibano, akamtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti. Hiyo ndiyo kazi yake, kukusanya kupe na kufuatilia nani anawasambaza: mifugo, wanyama pori au watu. Alikuwa amekuja kumjulia hali mpwa wake, aliyelala na homa. Lakini kupe huyu hupenda kobe, na mtaa ule hakuna aliyewahi kuona kobe.

Shemeji yake, dereva wa lori, alisema mbwa huzurura, labda kaokota jalalani. Alijibu haraka mno, macho chini. Mtafiti akaingiwa na shaka.

Kesho yake alirudi na kitambaa cheupe, akakiburuta juu ya majani ya uani ili kunasa kupe. Jirani alichungulia, akauliza tangu lini nyasi zikapigwa deki. Kitambaa kilibaki safi mpaka mlangoni pa stoo. Hapo kiling'ang'aniwa na vitoto vya kupe, vidogo kama ufuta. Mlango ulikuwa na kufuli jipya.

Alimwomba shemeji ufunguo. Akasema hana, stoo ni ya mkewe, anaweka vitambaa vyake vya kushonea. Mtafiti hakumwamini hata kidogo, akamwambia atawaita askari wa wanyamapori.

Dada alitoka jikoni, uso umemshuka. "Mwache mume wangu. Hajui kitu."

Akafungua mwenyewe. Kobe walijaa kwenye magunia, miguu imefungwa kwa utepe wa plastiki. Alieleza kwamba kuna mtu huwaleta, mwingine huja kuwachukua. Yeye huwahifadhi tu.

"Utanishtaki, mdogo wangu?"

"Mwanao ana homa, dada. Na kupe wametapakaa mpaka mlangoni. Piga simu wewe, mimi nampeleka hospitali."

Dada alikaa kizingitini, akawapigia askari.

Daktari alikuta alama ya kung'atwa na kupe kwapani mwa mtoto, akaanza dawa siku hiyo hiyo. Kwenye benchi la nje, shemeji aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulidhani ni mimi?"

Mtafiti alikiri.

"Mimi niliona wanaume wakiingia stoo, wakidhani sipo," alisema shemeji. "Nikadhani ana mtu. Nikaona aibu kuuliza."

Mtoto alipona. Dada alipelekwa mahakamani, na shemeji alikwenda naye kila mara, ingawa njiani hawakusemeshana.